Ukurasa Uliofungia Ndagala

Juzi, kwa muuza vitabu vikuukuu, niliona nakala nyingine ya kile kitabu cha picha cha yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa: jaladani kijana amesimama mlangoni kwa baba yake aliyemtupa, bastola mkononi, amekuja kulipiza kisasi. Harufu ya ndagala, dagaa za Mama za kukaanga, ikanirudia palepale.

Mchana ule wa utoto wangu yaya alikuwa anaondoka kwa treni ya Kabalo. Yeye na Papa hawakuwa wanasemeshana wala kula sahani moja. Maneno yao yalipitia kwangu. Alipotoka na sanduku lake, aliacha kitabu juu ya kiti cha Papa. Nilidhani amekisahau. Mama alitaka karatasi ya kufungia ndagala za wateja, nikachana ukurasa wa mwisho, nikampa.

Papa alitoka chumbani amevaa abakosti, suti yake ya heshima, na viatu vya misa. Akakiona kitabu, akafunua picha polepole. Kifaransa kilichoandikwa humo hakukijua.

"Mwishoni, mutoto anamufanya nini baba yake?"

Sikuwa nimeutazama ukurasa ule. Niliogopa kuchapwa kwa kuuchana, nikasema upesi, "Anamupiga risasi, Papa."

Akaketi, akavua viatu, kimoja, halafu kingine. Treni ikalia kule gare, stesheni alikokuwa yaya, ikalia tena mbali zaidi. Mimi nilifurahi kwamba sikuchapwa.

Hawakuonana tena mpaka Papa akafa.

Juzi nilifunua mwisho. Bastola iko sakafuni, baba anamega mkate, anampa kijana nusu.

Yaya hakuwa amekisahau.