Mkwe Aliyeongea na Kuku

Mume wangu alisema wazi: siku ya wageni atakuja kwenye darasa letu la kina mama la kuandika, na akikuta tunachorachora tu, Jumamosi zangu za Ngokolo zimekwisha. Miaka ile ya hamsini, mke wa mtu kubeba daftari kilikuwa kichekesho, naye alikuwa amechoka kutaniwa. Mimi ningekubali kukosa kanga mpya, lakini si darasa lile.

Mwalimu wetu, mama mmoja wa Tanga, alitufundisha kuandika watu wanaoongea. "Mtu humjui mpaka umsikie akiomba kitu," alisema. Akatupa zoezi: mkwe ana njaa, kamkuta mama mkwe wake nyumbani peke yake. Andikeni mazungumzo yao.

Nikaandika kama tunavyoishi kwetu Samuye. Mkwe amesimama nje ya ua, kageuza mgongo. "Wewe kuku," anasema, "hivi hapa kwenu michembe ya viazi vikavu imeisha?" Mama mkwe, huko ndani, anakiambia chungu: "Chungu, mwambie mgeni akae kivulini, viazi vyake vinachemka."

Mwalimu akakata yote kwa penseli nyekundu. "Mbona hawaongei wao kwa wao? Andika upya."

Eti wao kwa wao! Mtu na mama mkwe wake, macho kwa macho! Nilipandwa na hasira, nusura nichane daftari. Lakini nilitaka kusifiwa, basi nikaandika: "Shikamoo mama, nina njaa." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Lo! Niliona aibu kama nimewavua nguo.

Siku ya wageni waume walijaa kwenye mabenchi. Nilipoitwa nikafungua ukurasa wa shikamoo, mdomo ukagoma. Nikafunua nyuma, nikasoma ule wa kuku, na mistari yake myekundu.

Watu walicheka wakipiga mapaja. Mwalimu alishangaa, akauliza, akaelezwa kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawasemezani ana kwa ana, akaniomba radhi palepale. Ila mume wangu hakucheka. Mkwe yule alikuwa yeye mwenyewe, na mama mkwe alikuwa mama yangu mzazi. Nikajua nimejimaliza.

Akasimama. "Mama watoto, umekosea," akasema. "Mimi sikuuliza kama michembe imeisha. Nilimwambia kuku, 'Una bahati wewe, kwenu wanapika.'"

Darasa zima likaangua kicheko upya. Yeye akamgeukia mwalimu, bado kakunja uso.

"Jumamosi ijayo," akasema, "hakikisha analirekebisha hilo."