Mama Anafunga Ili Uvimbe Ufe Njaa

Kasongo, Jumapili, baada ya Alasiri.

Admin wa kundi hili, naomba ufiche jina langu. Nimenuia kusema yote, hata yale yanayonitia haya, kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari, nasoma biyolojia na kemia. Tunaishi wawili, mama na mimi. Baba ananunua mpunga na karanga huko Wamaza, na hurudi kwa pikipiki pale barabara inapomruhusu. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, yuko ng'ambo kwa masomo, na kazi yake ni panya.

Watu wakisikia hivyo wanacheka. Jirani yetu mmoja, mzaliwa wa Kabambare, kila akiniona anapaza sauti: "Weye, mudogo wa mwenye panya! Yaya yako anawalisha, anawafagilia, na hajakula hata mumoja? Kwetu tungekuwa tumeshawachoma zamani!" Hata mimi huwa nacheka.

Lakini hao si panya wa shambani. Yaya alinieleza kwamba wataalamu wamebadilisha chembe zao za urithi, wakazaliwa bila kinga ya mwili. Miili yao haiwezi kukataa kitu kigeni, ndiyo maana kipande cha saratani ya binadamu kikipandikizwa ndani yao kinakua. Wanaishi katika vizimba vilivyofunikwa, hewa yao inachujwa, na yaya hawashiki bila glavu. Uvimbe ukianza kukua unaita mishipa ya damu ije kuulisha. Yeye na wenzake wanajaribu dawa za kuzuia mishipa hiyo isiote.

Mama hakuwa anapenda habari hizo. Siku moja yaya alipopiga simu, mama akaniomba telefone.

"Hiyo uvimbe ikikatiwa njia ya damu, inakuwaje?"

"Kwa panya wengine inaacha kukua, mama. Inakosa chakula."

"Inakufa njaa?"

Yaya akacheka. "Tuseme hivyo, mama."

Baadaye yaya aliniandikia: "Leo mama ameuliza juu ya kazi yangu. Nimelia kwa furaha."

Tangu wiki ile mama anafunga. Mwanzoni ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, kama wanawake wengi wa mtaa wetu, sikushangaa. Halafu ikawa kila siku. Magharibi anafungua kwa maji na vijiko vichache vya uji wa mchele, basi. Wanawake wanaokuja kumsalimu wanamsifu. "Mama, pepo yako iko karibu. Siye tumbo imetushinda!" Mama anatabasamu tu.

Wiki iliyopita alishikwa na kizunguzungu akiwa bafuni. Nilikimbia kumshika, kitenge kikafunguka, nikaona ziwa lake la kushoto. Kuna uvimbe mgumu, ngozi imevutwa ndani, na juu yake mishipa ya buluu imejitokeza. Mama alikuwa amemwambia baba ni jipu, tena limeshapona.

"Mama, twende hospitali."

"Nyamaza. Niko ninaitibu. Ninaikatia chakula. Si yaya yako mwenyewe alisema?"

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji, nikamweleza taratibu, kama prof anavyotueleza darasani. Nilimwambia wale panya hawafungi, wanashiba kila siku. Kinachozuiwa ni mishipa, tena kwa dawa ambayo bado inajaribiwa. Mtu akijinyima chakula anadhoofika yeye, uvimbe unaendelea kujichukulia damu yake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Panya haijue kuweka nia, mwanangu. Miye nimeweka."

Akaushika mkono wangu, akauweka pale pale penye uvimbe. "Uape kwa ziwa hili ulilonyonya. Hautamwambia mutu. Ukisema, utakuwa umeniharibia dawa." Nikaapa. Mkono wangu ulihisi joto.

Sasa napika sombe ya majani ya muhogo na wali, nakula peke yangu, na mama anakaa mbali kidogo ili harufu isimsumbue. Shuleni wananiuliza mbona siku hizi siongei. Jana yaya alipiga tena, na mama akauliza kwa shauku, "Panya zako ziko wazima?" Yaya akajibu, "Wengine uvimbe umeanza kukua tena, mama. Tunatafuta sababu." Jioni ile uji aliurudisha jikoni. Alifungua kwa maji matupu.

Naandika kwa sababu bado nina tumaini. Najua kuna madaktari wanaoweza kuuangalia uvimbe ule na kuutoa kama hatujachelewa sana. Baba anafika Alhamisi, na baada ya swala ya Ijumaa anarudi Wamaza. Nikimwambia, atampakia mama kwenye pikipiki hata kwa nguvu, na mama atajua mara moja nani amesema. Nikimwambia yaya, atajua kwa nini mama aliipenda kazi yake, naye yuko kule peke yake. Kumuuliza shehe wetu juu ya kiapo changu siwezi, atatambua ni mama wa nani.

Sijawahi kulivunja neno la mama. Usiku huwa nasikiliza kama anapumua, kisha najiambia ningoje siku moja zaidi, labda atakula.

Ninyi mlio mama, nijibuni kabla ya Alhamisi: binti yenu mliyemwapisha hivyo akisema ili mpone, mtaweza kumsamehe?