Tiketi Niliyokataa Kuifunga

Siku yangu ya kwanza katika ile kampuni ya programu za simu, pale Bugolobi, niliketi kwenye kiti chenye magurudumu kikanipeleka hadi ukutani. Vijana wote wakageuka. Nikawaambia, "Mnacheka nini? Nilikotoka viti vinakaa mahali pake!" Tukawa marafiki tangu saa ile.

Nilikotoka ni eneo la viwanda la Nakawa, kwenye kampuni ya malori, nilikokuwa mpokea simu tangu zama za kuunganisha simu kwa nyaya na plagi. Bosi wetu wa huko, Afisa Usafirishaji, alikuwa mkali lakini ana moyo. "Rehema," alikuwa akisema, "usiniambie lori limekwama. Niambie dereva amekula." Malori yalipouzwa nilikuwa nimevuka miaka hamsini, nikadhani basi, kazi nimemaliza. Kumbe Bugolobi walitaka mtu wa kuwasikiliza wateja kwa Kiswahili na Luganda. Mimi Mnubi, binti wa polisi, lugha hizo nimekua nazo pamoja na Kinubi chetu. Wakanichukua.

Kazi yangu iliitwa dawati la msaada. Mteja akipiga kulalamika, unamfungulia tiketi, yaani unaandika shida yake kwenye kompyuta na kuipeleka kwa wahandisi. Wakishaishughulikia, wanaandika sababu na kuifunga. Tiketi iliyo wazi ilikuwa inang'aa nyekundu kwenye skrini kubwa ukutani, na Meneja wa Huduma, mama mmoja nadhifu kupita kiasi, hakupenda kabisa kuiona rangi ile.

Wale vijana nawapenda mpaka leo, nisiwasingizie. Walikuwa wakinigawia rolex zao za asubuhi, chapati na mayai bado moto, na simu yangu ikigoma waligombania kuitengeneza. Ila waliamini kila mtu anaishi kama wao: ana simu yake, ina chaji, iko mfukoni.

Tulikuwa tumeitengenezea kliniki moja mfumo wa dawa. Mgonjwa wa presha au sukari anatumiwa kila mwezi namba ya siri kwenye simu, anaionyesha dirishani, anapewa dawa. Bila namba hupewi kitu. Sote tuliuona mfumo mzuri sana, mimi nikiwemo.

Asubuhi moja akapiga Mama Sifa, muuza nyanya wa soko la Nakawa. "Nnyabo, mama yangu, namba ya Jajja Nalongo haijakuja, na dawa yake ya presha imeisha." Jajja huyo, akanieleza, ni bibi anayeuza dodo, ule mchicha wetu, meza ya pili kutoka kwake. Nikatazama kwenye kompyuta, nikakuta simu ya Mama Sifa imefungiwa na mfumo wetu isipokee namba za dawa. Nikafungua tiketi. Mchana ikarudi imefungwa: "Kosa la mtumiaji. Watu kumi na wanne wamejiandikisha kwa simu moja." Mfumo ulidhani ni wizi.

Wizi gani? Nikaifungua tena. Wakaifunga. Nikaifungua. Siku zikaenda hivyo, mpaka Meneja wa Huduma akaja mezani kwangu.

"Mama Rehema, hiyo tiketi iache ifungwe. Wahandisi wameshajibu."

"Wamejibu, lakini Jajja hajapata dawa."

"Si uwaambie kila mtu atumie simu yake?"

"Simu ipi, mama? Mimi siiachi. Kama ni kunifukuza, nifukuze."

Nilisema hivyo ingawa nilikuwa na wajukuu wawili shuleni na hapakuwa na mwingine wa kuwasomesha.

Siku ya tisa Mhandisi Mkuu, Mkenya mmoja mrefu na mpole, alichoka na ule wekundu ukutani. "Mama, twende unionyeshe hao watu kumi na wanne," akasema. Tukaenda.

Simu ilikuwa ndani ya kopo, katikati ya nyanya. Mama Sifa ndiye aliyejua kusoma, na kibanda chake ndicho chenye umeme. Ujumbe ukiingia anaita jina kwa sauti, na mwenyewe anaitika kutoka mezani kwake.

"Na siri za wagonjwa?" Mhandisi Mkuu akauliza.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika meza. "Banange! Siri gani, ssebo?" akasema Mama Sifa. "Sisi dawa tunakunywa pamoja, saa ya chai. Mmoja akisahau, tunamgombeza."

Kisha akaacha kucheka. "Jajja tulimgawia vidonge vyetu mpaka vikaisha. Jana mkono wake umekataa kuinuka. Wamempeleka hospitali."

Mhandisi Mkuu aliketi kwenye kreti ya nyanya, akafungua kompyuta yake palepale. Alipoondoa kufuli, simu ikaanza kulia ndani ya kopo, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mama Sifa akawa anaita majina na watu wanaitika. Akaita, "Jajja Nalongo," na jirani yake wa meza akaitika kwa niaba yake.

Bibi yule alipona, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Mfumo ulibadilishwa, simu moja ikaruhusiwa kutumiwa na watu wengi. Mhandisi Mkuu alimwomba Jajja radhi, na mara nyingi Jumamosi nilimkuta pale sokoni akimfungia mafungu ya dodo, vibaya mno, Jajja akimkaripia naye anafurahi.

Siku ya kustaafu kwangu vijana waliniletea keki. Wakasimulia ile tiketi, jinsi Mama Rehema alivyokataa katakata. Wakapiga makofi, wengine wakalia. Niliwashukuru, na jambo moja sikuwaambia, nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii. Kutoka Bugolobi hadi soko la Nakawa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Siku zote zile nilipigania tiketi, na nilijua meza ya Jajja iko wapi. Sikwenda.