Ng'ombe Aliyekula Shati la Chifu

Kuna asubuhi moja ya mvua ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na tangu uliponiambia kwamba unakwenda kuwasaidia watu waliohamishwa na mafuriko, imekuwa ikinirudia kila nikikaa kuota jua.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na bendera ya shuleni kwetu Tetu haikuwa imepauka. Mwaka huo mvua ilinyesha mpaka udongo ukachoka kuinywa. Asubuhi hiyo kilima kikaporomoka ng'ambo ya mto, kikafunika mashamba, na watu wakakimbilia upande wetu kwa daraja la miti. Kabla wote hawajavuka, mto ukalibeba daraja. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa, lakini jamaa waligawanyika, wengine huku, wengine kule. Waliovuka walitawanyika katika makanisa na shule, kila mtu alikoona moshi wa jikoni.

Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, mwenye haya kupita kiasi. Mtu nisiyemjua akiniuliza jina, nilivijibu vidole vyangu vya miguu. Mama alinipeleka kanisani kusaidia kupika, na huko nikawekwa chini ya Cucu Gathoni. Cucu ni bibi kwa lugha yetu, na huyu alikuwa bibi wa kila mtu: mfupi, mwenye sauti kubwa, na mwiko ambao hakuuweka chini hata akiomba.

Kati ya waliokuja alikuwamo mtoto wa miaka kama mitano, peke yake. Jirani alikuwa amembeba kuvuka daraja, akamweka chini, akarudi mbio kuwasaidia wengine, na daraja likaenda. Upande wetu hakuna aliyemjua. Jina lake aliweza kulitaja, Nyambura, jina ambalo kwa lugha yetu lina mvua ndani yake. Ukimwuliza baba yake ni nani, alikujibu, "Baba." Na mama? "Mama." Na kwenu? "Nyumbani." Alijibu akishangaa kwamba mtu mzima hajui mambo rahisi hivyo.

Jambo aliloweza kulieleza vizuri lilikuwa ng'ombe wao. "Anaitwa Kairu. Alikula shati ya chifu." Alimweleza mpishi, alimweleza mchungaji, alimweleza hata mbwa wa kanisa. Watu walimjibu, "Haya, kunywa uji."

Siku moja akaja Bi Eunice kutoka Nyeri mjini, na gari limejaa mablanketi. Alikuwa na duka la vitambaa, nyumba nzuri, na hakuwa na mtoto. Nyambura alipanda mapajani pake bila kukaribishwa, akaanza kukipapasa kitambaa cha hariri alichojifunga kichwani. Kufika jioni Bi Eunice alikuwa amekwisha kuzungumza na Mzee Karanja, mzee wa kanisa aliyesimamia kambi. Mzee Karanja alikuwa na midomo mingi ya kulisha. Alikubali mara moja. Mtoto alikuwa akivishwa sweta mpya wakati Cucu Gathoni alipotokea na mwiko wake.

"Mnampeleka wapi huyu?"

"Nyeri, Cucu. Amepata bahati. Atalala kitandani, atasoma."

"Na yeye mwenyewe amesema nini?"

"Huyu ni mtoto, Cucu! Atasema nini?"

"Atasema kwao ni wapi, Karanja, kama wewe utanyamaza kidogo."

Kisha akamgeukia Bi Eunice, na ile sauti kubwa ikashuka. "Roho yako ni nzuri, binti yangu. Lakini kama unampenda, njoo umpende hapa hapa. Mama yake akija, atamtafuta penye watu wa mvua, hatamtafuta dukani kwako. Ukimhamisha leo, utakuwa umempoteza mara ya pili."

Bi Eunice alilia kidogo, akamvua sweta, halafu akamvisha tena kwa sababu kulikuwa na baridi. Mzee Karanja akatoa uamuzi: wangesubiri mpaka Jumapili. Jumapili ikifika bila jamaa kutokea, mtoto ataenda Nyeri.

Ndipo mwiko ukanielekea mimi. "Wewe unalala naye. Huongea nini?"

Nikaviambia vidole vya miguu, "Ati ng'ombe wao alikula shati ya chifu."

Kanisa zima likacheka. Cucu hakucheka. "Kesho ukienda kuchukua maziwa, uliza ng'ombe huyo ni wa nani."

Mwanangu, kwa wengine hilo lilikuwa jambo dogo. Kwangu mimi lilikuwa mlima. Kituo cha maziwa kilijaa wanaume wa kila kilima, wenye mikebe na midomo. Nilifika pale nikasimama ukutani na debe langu mpaka maziwa yakakaribia kwisha. Nilikuwa karibu kurudi nilipokumbuka swali aliloniuliza Nyambura asubuhi ile tulipokuwa tukikunja blanketi: "Kairu ananyeshewa?" Hakuna aliyemjibu tangu aje. Nikafungua mdomo.

"Nani anajua ng'ombe aliyekula shati ya chifu?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Halafu kicheko kikapasuka, mikebe ikagongana.

"Si huyo ni Kairu! Ya Nderitu, kule ng'ambo!"

"Chifu alinyeshewa, akaanika shati kwa ua akinywa uji. Alienda nyumbani na fulana!"

"Huyo ng'ombe anajulikana kuliko mbunge."

"Na wewe msichana, kumbe uko na sauti!"

Mzee mmoja, aliyetoka ng'ambo kwa kuzunguka barabara ya juu, hakuwa akicheka tena. Akaniuliza polepole, "Mtoto wa Nderitu yuko kwenu? Huyo mtu anatembea kanisa kwa kanisa. Mke wake halali." Akaacha mkebe wake pale pale, akaondoka.

Jumapili, ibada haijaisha, Nderitu akafika akiwa na matope mpaka magotini, na nyuma yake anamvuta ng'ombe mweusi. Ua wake ulikwenda na udongo, kwa hiyo hakuwa na pa kumwacha. Mzee Karanja, ambaye wiki hiyo alikuwa amejifunza tahadhari, alimzuia mlangoni.

"Tutajuaje wewe ndiye baba yake?"

"Muulize mtoto mwenyewe," akasema Cucu.

Nyambura alipenya katikati ya miguu ya watu, akampita baba yake, akamkumbatia Kairu mguu. "Ulienda wapi wewe?" akamgombeza. Kisha akamgeukia Nderitu, akainua mikono abebwe. "Baba, Mama ako wapi?"

"Anakungoja," akasema Nderitu. Akambeba, akauficha uso wake kwenye ile sweta mpya. Na sisi tulipokuwa tunapangusa macho, Kairu akanyoosha shingo, akakivuta kitambaa cha hariri cha Bi Eunice, akaanza kukitafuna.

"Basi," akasema Mzee Karanja. "Sina swali lingine."

Bi Eunice alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amekuja kila siku na mkate, na hakuacha kuja. Nyambura alipoolewa, miaka mingi baadaye, Bi Eunice alikaa meza ya mbele pamoja na wazazi, amekishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Sasa unakwenda wewe, mwanangu. Utakuta fujo, na utakuta watu wenye roho nzuri na haraka nyingi. Usimtoe mtoto mikononi mwa watu wake kwa sababu umemwonea huruma, wala usimtenganishe na ndugu zake ili kupunguza kazi. Mlishe, mlinde, mfundishe, mwache acheze, lakini afanyiwe hayo mahali ambapo jamaa yake wanaweza kumpata. Na kabla ya kuamua lolote juu yake, inama, umuulize, kisha ungojee jibu. Akikuambia habari za ng'ombe, sikiliza habari za ng'ombe.

Nenda na amani. Mungu akupe masikio marefu na mdomo usioogopa, akufikishe huko salama, na kila mtoto utakayemshika mkono umwone akirudi kwao.