Bi Kufuli na Bahasha ya Kaka Yake

Wakandarasi walimwita Bi Kufuli, na mwenyewe hakuwakatalia. Shangazi yangu alikuwa afisa manunuzi wa hospitali kubwa ya serikali. Ndani ya chumba chake, pembeni mwa kabati la majalada, palikuwa na sanduku la chuma la rangi ya kijivu, lenye kufuli mbili na tundu jembamba juu yake. Aliyetaka kuiuzia hospitali mashuka, viti au saruji alitumbukiza bahasha yake ya zabuni humo. Siku ya mwisho, saa ya ukutani ikigonga saa nne asubuhi, shangazi alisimama, akabandika karatasi juu ya tundu, akaitia sahihi yake, basi. Ufunguo mmoja alikuwa nao yeye, wa pili alikuwa nao mhasibu, na sanduku lilifunguliwa mbele ya wazabuni wenyewe wakiwa wametoa macho. Bahasha iliyochelewa ilirudishwa kwa mwenyewe vilevile ilivyokuja, bila kufunguliwa.

Watu walimjaribu kwa kila mbinu. Waliomletea kuku waliondoka na kuku wao. Mmoja alileta bahasha ya rambirambi ilhali hakuna aliyefiwa, na shangazi akamwambia, "Rudi nayo baba, nikifa watakuita." Nyumbani kwetu alikuwa mtu wa kucheka mpaka akashika mbavu, lakini akishavuka lango la hospitali, sura yake ilijifunga kama lile sanduku.

Aliyemlea ni marehemu baba yangu. Wazazi wao walikufa shangazi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na baba, kijana aliyekuwa anajifunza useremala, akaacha shule moja kwa moja ili mdogo wake aende. Daftari, sare, viatu, vyote vilitoka kwenye mbao. Mtaani walimwita Fundi Randa kwa sababu hakukubali mlango utoke kwake kabla hajaupitishia kiganja chote, juu mpaka chini, macho kayafumba. Shangazi alipopata kazi hospitalini, baba alitembea mtaa mzima akiwaambia hata wasiouliza.

Sasa ikaja miaka ambayo watu walianza kununua vitanda na makabati ya unga wa mbao uliogandishwa, vitu vya kupendeza dukani na vya kuvunjika ukihama. Karakana ya baba nyuma ya soko ikapoa. Mafundi wake waliondoka mmoja mmoja kwa aibu, kama watu wanaotoka msibani mapema. Mashine ya kuranda, ambayo ilikuwa roho ya karakana, ilikaa imefunikwa turubai. Baba hakulalamika, ila tulijua sote kwamba isipopatikana kazi kubwa mwaka ule, mashine ingeuzwa na yeye angekunja jamvi.

Ndipo hospitali ikatangaza zabuni ya milango na madirisha ya mbao kwa jengo jipya la wodi. Jumapili hiyo shangazi alikuja kula kwetu, na baba akalitoa la moyoni kabla hata hatujanawa.

"Nataka kuomba ile ya milango."

Shangazi akamgeukia. "Omba, kaka. Ni haki yako kama ya mtu mwingine yeyote. Kesho nitamwandikia mkurugenzi kwamba kaka yangu ni mzabuni, na kwenye kamati ya kuchambua sitakaa. Ila sanduku ni langu, hakuna mwingine wa kulilinda."

"Sawa."

"Na jambo moja. Usije ukanikabidhi bahasha mbele za watu. Ukishinda watasema dada yako kakubeba. Itumbukize mwenyewe, tena ikiwezekana mimi nisiwepo chumbani."

"Nimekuelewa, mdogo wangu," akasema baba. Tukanawa, tukala, na hakuna kati yetu aliyeyafikiria tena maneno yale.

Mimi ndiye niliyemchapia makaratasi. Baba alikwenda kwenye wodi za zamani akapima bawaba na fremu, akauliza wauguzi mlango upi unawasumbua wakipitisha vitanda. Alikuwa kachangamka kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Kilichotuchelewesha ni cheti cha kodi, ambacho kilitoka jioni ya kuamkia siku ya mwisho. Asubuhi baba alivaa suti yake ya harusi za watu, akaweka bahasha kwapani, akaondoka mapema kabisa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na karani wa shangazi, mama mmoja asiyejua kutia chumvi. Baba alifika ofisi zinafunguliwa. Aliketi kwenye benchi la korido, upande ambao mtu aliye ndani hamwoni, akangoja, mkononi hana saa. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba shangazi hutoka kila asubuhi kwenda kunywa chai kantini. Akitoka tu, baba angeingia, angetumbukiza bahasha, na hakuna ambaye angepata la kusema. Asichokijua ni kwamba siku ya kufunga sanduku shangazi hakunywa chai. Hakwenda hata msalani. Alikaa mbele ya lile sanduku kama kuku juu ya mayai.

Naye shangazi, ndani, alikuwa roho juu. Karani anasema aliutazama mlango kila unaposikika mguu koridoni. Wazabuni wengine waliingia, wakatumbukiza, wakaketi kungoja ufunguzi. Shangazi akajifariji kwamba labda kaka alikuja jana yeye akiwa benki. Kuulizia hakuweza, maana angeulizaje habari za kaka yake mbele ya wapinzani wa kaka yake? Basi mmoja akakaa upande huu wa ukuta akingoja mwenzake atoke, na mwingine akakaa upande ule akingoja mwenzake aingie, kila mmoja akimlinda mwenziwe.

Saa ikagonga. Shangazi akabandika karatasi, akatia sahihi.

Baba aliusikia ule mlio akiwa kwenye benchi, akanyanyuka. Akabisha hodi, akaingia na bahasha mkononi.

"Muda umepita, kaka," shangazi akasema. Alimwita kaka mbele ya watu wote.

"Nilikuwa hapo nje tangu mnafungua ofisi. Nilikuwa nangoja utoke."

Mzabuni mmoja mnene, mwenye kiwanda cha mbao, akajikohoza. "Mama, mpokelee mzee wa watu. Wino wako wenyewe haujakauka. Sisi hatuna neno." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

"Nyinyi hamna neno," shangazi akasema. "Mimi ninalo."

Akaandika kwenye kitabu kwamba zabuni moja imechelewa na imerudishwa bila kufunguliwa. Kisha akaishika bahasha kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa kitu mkubwa wake, akamrudishia.

Baba aliporudi nyumbani na kutueleza, niliwaka moto. Nilimwambia aende akalalamike juu, kwamba sheria inamruhusu kukata rufaa, kwamba wazabuni wote walikuwa mashahidi wake.

"Nilalamikie nini?" akaniuliza. "Kwamba mdogo wangu anajua kusoma saa?" Akacheka, akacheka peke yake.

Jioni shangazi alikuja karakana, akatukuta mimi na baba. Baba alikuwa kachutama akichemsha gundi kwenye jiko dogo, ingawa hapakuwa na kazi ya kugundishwa. Shangazi hakuketi. "Kaka, niambie uliandika bei gani."

"Ya nini?"

"Nataka kujua tu."

"Wewe unazijua zao, mimi naijua yangu," baba akasema. "Tukiziweka pamoja, mmoja wetu leo halali." Akaichukua ile bahasha juu ya meza, bado imefungwa, akaisukuma jikoni chini ya sufuria ya gundi. Tulisimama pale watatu tukiitazama mpaka ikaisha.

Bei ya baba naijua, niliichapa mwenyewe. Za wenzake zilisomwa hadharani, ningeweza kwenda kuuliza wakati wowote. Nilifika mpaka lango la hospitali mara moja, nikageuza. Hadi leo sijui, na sitaki kujua.

Mashine ya kuranda iliuzwa kabla ya mwaka kwisha. Aliyeshinda zabuni ni yule mnene mwenye kiwanda, na kwa haki ya Mungu mtu yule alikuwa na utu, kwa sababu alimtafuta baba na kumpa kazi. Baba akaajiriwa, mzee mzima mwenye mvi, akavaa ovaroli yenye jina la mtu mwingine mgongoni. Milango aliyotaka kuitengeneza kwa jina lake akaifunga kwa jina la mwenziwe.

Siku ya kukabidhi jengo, shangazi alipita na kamati akijaribu mlango mmoja mmoja. Wa wodi ya wanaume ulikwaruza sakafu. "Huu urudiwe," akasema, na aliyepiga magoti na randa kuurudia alikuwa kaka yake. Baba alilisimulia jambo hili kwa fahari, eti mdogo wake haponyokwi na kitu. Mimi sikuona fahari yoyote hapo. Toka siku hiyo nilikata mguu kwa shangazi. Tukikutana kwenye shughuli za ukoo nilimwamkia kama sheria inavyotaka, na maneno yangu yaliishia hapo. Yeye hakuwahi kuniuliza sababu.

Miaka ikaenda. Shangazi alistaafu, akahamia mji mwingine, mbali kidogo. Na baba akaugua tumbo, akalazwa katika ile ile hospitali, wodi ya wanaume, jengo lile lile. Madaktari wakasema apasuliwe kesho yake asubuhi, na hawakutuficha kwamba kwa umri wake mambo yangeweza kwenda mrama. Nikampigia shangazi simu. Basi lake likaharibika njiani.

Alifika jua limeshatua. Mimi nilikuwa na kibali cha kumuuguza mgonjwa, nikatoka kumlaki koridoni, nikamkuta mbele ya mlango wa wodi na mlinzi amemzuia.

"Muda wa kuona wagonjwa umepita, mama."

Hapo nikasahau kinyongo changu chote. "Unamjua huyu ni nani?" nikafoka. "Kafanya kazi hapa maisha yake yote! Milango hii unayoilinda kaikagua yeye!"

"Hata ningemjua, ningefanyaje, dada?" mlinzi akasema kwa upole. "Nimewazuia wengine watano jioni hii. Nao wana wagonjwa wao."

Shangazi akanishika mkono. "Mwache. Amesema kweli." Akaenda akaketi kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomkumbuka. Na nisiseme uongo, kwanza moyo wangu ulisema, sasa na wewe uonje. Kisha nikaona anavyoutazama ule mlango, nikashikwa na uchungu wa ajabu.

Nilirudi ndani nikamweleza baba.

"Yuko wapi?"

"Hapo nje, kwenye benchi. Anasema atangoja mpaka asubuhi."

"Asubuhi mimi nakwenda kupasuliwa." Akafikiri, macho kayaelekeza darini. "Hiyo sheria yao inasemaje hasa?"

"Wageni wasiingie."

"Imesema mgonjwa asitoke?"

Nilimgeukia muuguzi wa zamu. Akajaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. "Haijasema," akakiri, akaanza kuifungua chupa ya maji aliyotundikiwa baba kutoka kwenye chuma chake.

Naandika haya nikijua kwamba baba hakuamka kutoka kwenye meza ya upasuaji. Jioni ile hatukujua. Tulijua tu kwamba mzee anataka kutembea, na kwamba kila hatua inamuuma. Muuguzi alishika chupa, mimi nikashika kwapa. Tulipofika mlangoni baba alisimama, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mbao, akakishusha polepole mpaka alipoweza kufika, macho kafumba. "Ndio huu alioukataa," akaniambia. Akausukuma. Haukukwaruza popote.

Mlinzi alisogea pembeni. Shangazi akasimama, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

"Kaka! Umetoka kitandani ya nini, na hali hiyo?"

"Nilishachoka kungoja utoke, mdogo wangu," baba akasema. "Nikaona safari hii nitoke mimi."

Shangazi alilia kwa sauti, mbele ya mlinzi na mbele yangu, kilio alichokuwa nacho tangu ile saa ilipogonga. Baba alimketisha, naye akaketi, wakabanana kwenye benchi lile jembamba kama watoto wanaongoja kuitwa. Sikusikia waliyozungumza. Nilirudi ndani kuwatafutia blanketi, maana koridoni kulikuwa na baridi na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka.