Herufi za Primus Zenye Haraka

Primus, mchora mabango wa Majengo, anajua mwandiko mmoja tu: herufi nene zilizoinamia mbele, kama zinawahi basi la Bomang'ombe. Kwenye vibanda vya kitimoto zinapendeza. Mlaji huona nyama ya nguruwe inamjia. Mektrida alipompa msalaba wa marehemu mumewe aandike jina, akaandika vilevile, kwa rangi nyekundu. Aliuleta wakati jeneza likiwa tayari kando ya kaburi, katikati ya migomba.

"Fundi, mume wangu hakuwahi kukimbilia hata misa," alisema mjane. "Leo unamkimbiza kwenda wapi?"

"Mbinguni, mama."

"Kwa mwandiko wa kitimoto?"

Muda wa kupaka upya haukuwepo. Mektrida akaamuru msalaba usimikwe ukiinamia kushoto, mpaka herufi zisimame wima. Primus akapiga picha ya kuonyesha wateja kwamba sasa anajua na mwandiko wa wima.