Honi Iliyolia Kwenye Mazishi ya Mzee Zakayo

Wenzangu, hii habari nimeificha miaka mingi, na hata leo nikiisema nasikia masikio yakipata moto, lakini afadhali mniulize mimi mwenyewe kuliko kuisikia kwa watu wa Maragoli niliofanya nao kazi, ambao wanasema eti nilikimbia. Sikukimbia. Ningekimbia wapi, na kiatu kile?

Wakati huo nilikuwa dereva wa lori kwenye shamba la chai nje ya Kericho, mwaka mmoja baada ya nzige kupita. Mnajua mvua ya kule: kila siku mchana, bila kukosa, na maji hayo yanaingia kila mahali, mpaka nyaya za lori zinaota kutu ya kijani na vichwa vya betri vinatoa unga mweupe kama ugonjwa wa ngozi. Fundi Mhindi wa mjini ndiye alinifundisha dawa yake. Fungua waya, osha na maji moto yenye magadi, sugua na msasa mpaka ing'ae, kausha, kaza, halafu paka grisi maji yasirudi. Na waya ikiwa uchi, akasema, ifunge utepe, usiiache hata kidogo.

Basi Mzee Zakayo akafa. Alikuwa mtu wa ziwani, nyapara wetu wa zamani, mpole, na kanisa dogo lile la upande wa Kaplong ni yeye alilifyekea uwanja kwa mikono yake, kwa hiyo alitaka kulala pale. Bwana mkubwa wa shamba hakuwa amewahi kutoa lori kwa maiti ya mfanyakazi. Ni mimi nilienda kusimama mlangoni kwake, kofia mkononi, nikasema, "Bwana, nitalitunza, halitaharibika kitu." Akakubali, lakini akasema likipata shida hata moja, hatatoa tena kwa mtu yeyote.

Nikalisafisha hilo lori siku nzima, kila waya, mgongo ukaniuma. Ya mwisho ilikuwa waya ya honi, ile inayoshuka kutoka kwenye usukani na kupita chini kando ya chuma. Kitambaa chake kilikuwa kimeoza, nikakibandua chote. Utepe uliobaki ulikuwa kipande kimoja, na soli ya kiatu changu cha kulia ilikuwa imeachama kama mdomo wa samaki. Nikaangalia waya, nikaangalia kiatu. Nikajiambia, nani atapiga honi kwenye mazishi? Nikafunga kiatu.

Kesho yake watu walitangulia kwa miguu, mimi nikabeba jeneza, na mjane, Mama Peresi, akakaa mbele na mimi. Kwenye shimo moja honi ikalia kidogo, pii!

"Umesalimia nani?" akaniuliza.

"Ng'ombe, mama." (Hakukuwa na ng'ombe.)

Tukafika. Wanaume sita wakapanda nyuma kulishusha jeneza, lori likalala kwa uzito, na honi ikalia. Si kidogo. Ililia moja kwa moja kama mtu amekalia kitufe, nami nilikuwa nimesimama chini, mbali, kila mtu ananiona. Wale sita wakaruka chini kwa woga, ikanyamaza. Wakapanda tena, ikalia tena. Wimbo ukakatika.

"Mzee hataki kushuka," akasema mtu mmoja.

Mama Peresi akasogea, akaweka mkono kwenye ubao wa lori, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Oloo, nani amekukosea? Sema."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Nilijua ni ile waya uchi, inagusa chuma kila lori likilala, nilijua tangu mara ya kwanza. Lakini nikafikiria bwana mkubwa, nikafikiria vile nilivyojisifu, nikafikiria kiatu, na mdomo ukawa mzito. Nikasema moyoni nitajipenyeza nichomoe waya ya betri kimya kimya, kumbe spana ziko ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya jeneza.

Ndipo Andrea, karani wa mizani ya chai, akatoka kati ya watu, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Ni mimi," akasema. "Niliambia bwana mkubwa kwamba Zakayo anachanganya majani ya zamani kuongeza uzito. Ilikuwa uongo. Nilitaka ndugu yangu apate unyapara."

Sote tulijua Zakayo alivuliwa unyapara akarudishwa kushika jembe kwenye mvua, na ni kule kifua kilimshika mpaka kikamuua.

"Sasa ameridhika," akasema mwalimu wa kanisa kwa sauti ndogo. "Mshusheni."

Sita wakapanda. Honi ikalia.

Andrea akaanguka magoti kwenye matope, analia kama mtoto. "Nimesema yote, mzee! Hakuna ingine! Naapa hakuna ingine!"

Nikashindwa. Nikapiga kelele, "Ni waya! Si mzee, ni waya yangu!" Nikajitupa chini ya lori na suruali yangu ya kanisani, nikaishika ile waya kwa vidole nikaivuta mbali na chuma, na honi ikakatika. Mwalimu akainama kuniangalia.

"Kwa nini hukuifunga?"

Nikainua mguu. Mtu mmoja akacheka, halafu akaacha. Jeneza likashushwa juu ya kichwa changu, mimi nimelala kwenye matope nimeshika waya, nikiona miguu ya watu tu.

Baada ya kuzika, Andrea alinifuata. "Ulijua lini?"

"Mara ya kwanza."

Nilingoja anipige. Hakunipiga, akaondoka kwa miguu. Tulimkuta barabarani, mvua imeanza. Mama Peresi akasema, "Simama." Nikasimama. Akamwambia, "Panda nyuma, mahali alipokuwa." Akapanda.

Jumatatu Andrea akaenda ofisini mwenyewe, akarudia yale maneno mbele ya bwana mkubwa, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Lori nalo halikutolewa tena, na maiti waliofuata tuliwabeba mabegani. Watu wengine wanasema nilifanya vizuri, kwamba bila mimi ukweli ungezikwa. Mimi sijioni hivyo. Nilimwacha mtu apige magoti kwa sababu niliona haya. Siku hizi nikikosea nasema papo hapo, hata kama nimezungukwa na watu mia, hata kama ni kitu kidogo cha kuchekesha. Najua mke wangu amechoka kusikia makosa yangu, lakini atavumilia.